Jina la Kuondoa Pazia

Pazia la kijivu lilikuwa bado limefunika ukurasa wangu kwenye kompyuta, limeandikwa "Subiri", na nje ya darasa mtoto wangu alikuwa analia mgongoni mwa dadangu. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi. Singeweza kutoka. Mwalimu alisema yule ambaye ukurasa wake utafunguka leo jioni ataanza kazi ya kompyuta kiwandani Jumatatu. Wengine tungerudi kuchuma majani chai.

Programu yangu ya Java ilikuwa imejumlisha kilo za wakulima vizuri. Iliyobaki ni kuita kwa jina fanksheni ya JavaScript, kijiprogramu kingine, iondoe pazia. Mwalimu ndiye aliyeiandika, akatutajia jina tu. Java yangu iliita na kuita. Hakuna aliyeitika.

Jirani yangu Phelis akainama. "Mama Chela, unaiita aje?"

"Vile mwalimu alisema. Funkua."

"Sema tena."

"Funkua, Phelis! Nimeisoma mpaka macho yanauma."

Akaziba mdomo asicheke. "Woi, dada yangu. Hata ningekuwa mimi, singeitika."

Nikatazama kioo cha kompyuta. Mdomoni mwangu jina lilikuwa sawa kabisa; ndivyo sisi sote kwetu tunavyoita tukiwa mlangoni. Lakini katikati ya herufi kulikuwa na k, imesimama wima kama komeo.

Nikaifuta. Nikatafuta g.

Mlango wa darasa ukagongwa. "Funkua!" dadangu akaita. "Mtoto amekataa chupa!"

"Nafungua," nikamjibu, nikabonyeza.