Macho ya Dona Zulmira

Binti aliposhuka baada ya kurusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, wenzake walimmwagia ndoo ya oili chafu ya injini, kama ilivyo desturi.

“Rubani gani ananuka gereji?” walimcheka.

Binti akamkumbatia Dona Zulmira, mwanamke wa kwanza kufundisha urubani mjini pale, akimchafulia shati jeupe.

“Mwalimu, ulijuaje niko tayari?”

Dona Zulmira hakujua. Alishuka akamwachia ndege kwa sababu walipotua asubuhi ile, yeye mwenyewe alishindwa kutofautisha uwanja na shamba la kahawa.

“Nilikuona tu,” akajibu, akiinamisha uso.

“Hayo ndiyo macho ya mwewe,” wakamsifu.

Mwanafunzi mwingine alishakaa ndegeni, amemwachia mwalimu mlango wazi.