Mwenyeji wa Dakar

Théoneste alichora bahari kwanza. Alipomaliza bahari, kalamu ikasimama.

"Na uwanja wa ndege?" aliuliza mkewe, Xavérine, akiwa amebana begi kwa goti ili zipu ifungike.

"Uko hapa." Akaweka nukta. Akaitazama, akaifuta, akaiweka pembeni kidogo. "Hapa karibu karibu."

"Kutoka hapo mpaka mjini napanda nini?"

"Teksi. Elewana bei kabla hujapanda."

"Hata Kampala iko hivyo, Papa Iteka. Niambie ya Dakar. Pesa zao zinafanana na zetu?"

"Zinafanana."

Ilikuwa saa sita mchana, na ndege ya kwenda Addis Ababa, ambako angebadilisha, ilikuwa inaruka saa kumi. Binti yao Iteka, mwanafunzi wa uuguzi huko Dakar, alikuwa amegongwa na gari. Hii ilikuwa siku ya tatu hajazinduka. Mwenzake wa darasani alipiga simu alfajiri akasema madaktari wanataka kumpasua, wanauliza mzazi yuko wapi. Kabla hajataja jina la hospitali simu ikakatika, na tangu hapo haikupatikana tena.

Xavérine alikuwa na pasipoti, ile ya kwendea Kampala kununua nguo za kuuza. Ya Théoneste ilikuwa imekwisha muda siku nyingi. Basi ikabidi asafiri yule asiyejua kitu, abaki yule aliyeishi Dakar miaka mitatu.

Miaka mitatu, akipakua mizigo bandarini. Waliuza ng'ombe wao wawili kumlipa wakala aliyeahidi kazi hiyo, na Théoneste aliondoka akiwa amevaa suti ya harusi yao. Hakuna mwezi aliokosa kuwatumia chochote. Jumapili alipiga simu, sauti tu bila picha, kwa sababu mtandao wa huko, alisema, ni dhaifu. Siku moja katikati ya mazungumzo alimwambia, "Anua nguo, mvua hiyo inakuja," na kweli ikaja. Xavérine alicheka peke yake uani, akajua mumewe mawazo yake yote yako nyumbani.

Alirudi amekonda, viganja vimejaa sugu. Jioni alimsimulia Iteka habari za meli na samaki wakubwa kama milango. Mtoto alipopata nafasi ya kusoma nje, alichagua Dakar kwa ajili ya baba yake.

Lakini tangu Iteka afike huko, hakumwuliza tena baba yake habari za Dakar, hata siku moja. Alipopiga simu aliomba kuzungumza na mama. Xavérine alilitambua jambo hilo, akalipima, akapata jibu lake mwenyewe, akalimeza. Alikuwa amelimeza mwaka mzima.

Walipata teksi pale kwenye makutano ya Sonatubes. Magari yalikuwa yamesongamana, pikipiki zikipenya katikati. Xavérine alishika ile karatasi mapajani: bahari, nukta, na mstari mmoja usiokwenda popote.

"Ulikuwa unakaa mtaa gani?"

"Nilihamahama."

"Nipe rafiki yako mmoja. Namba moja tu. Kifaransa changu unakijua, nitafika huko niwe kama bubu."

"Watu wale waliondoka, Mama Iteka."

"Wote?"

Théoneste alitazama nje. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Kanombe, mlangoni pa uwanja wa ndege, askari aliwaonyesha kwa mkono: msafiri aingie, msindikizaji abaki. Xavérine aliweka begi chini. Alikuwa hajalia tangu alfajiri na sasa hakulia pia, ila ilibidi aanze maneno mara mbili.

"Sikiliza. Mimi najua kuna mwanamke."

"Nini?"

"Huko Dakar. Najua siku nyingi. Hata mtoto alipofika alijua, ndiyo maana akanyamaza." Akamshika mkono wa koti. "Sina hasira. Leo sina nafasi ya hasira. Kama mna watoto, Mungu awatunze. Nipe jina lake na simu yake. Nitamsalimia vizuri, nitamwita dada. Anipokee tu, anisaidie kuzunguka hospitali nimtafute mwanangu kabla hajafa peke yake. Nakuomba, Théoneste. Nataka mtu mmoja tu anayeijua Dakar."

Nyuma yao watu walianza kusukuma mikokoteni ya mizigo. Askari akasema, "Mama, ingia."

Théoneste aliegemea nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu wazae hakumwita mama wa mtoto.

"Xavérine. Hakuna mwanamke. Ukifika, usifuate hata neno langu moja, uliza watu. Mimi Dakar sijawahi kufika." Akafunika uso kwa viganja. "Yule wakala alitoroka na pesa. Ile miaka mitatu yote nilikuwa hapo Kinyinya, mji huu huu wetu, nabeba zege."