Kimbunga Apunguza Mwendo

Kimbunga alikuwa akienda polepole, na mtahini wa leseni za boti hakuyaamini macho yake.

Mama huyu alikuwa ameendesha gari la wagonjwa maisha yake yote, na jina hilo hakulipata bure. Mara ya kwanza alipofanya mtihani wa boti ya matembezi, mtahini alishuka hana kofia. Mara ya pili alishuka hana kauli. Mara zote mbili alimwangusha kwa kosa lile lile: kukatiza mbio juu ya majani ya ghubani, ambako samaki hutaga mayai. Boti za starehe zilikuwa zimeyafyeka kwingine kote kwa pangaboi zao, likabaki shamba hilo moja tu. Likiisha hilo, samaki ndiyo basi tena. Mtahini alilipenda kama kitinda mimba wake.

Sasa, katika mtihani wa tatu, walikuwa juu ya shamba hilo, na boti ilikwenda mwendo wa bibi harusi.

"Leo umetulia, mama," alisema mtahini. Alikuwa ameketi mbele kabisa, macho majini.

"Hata mimi najishangaa, afisa."

"Injini inaguna."

"Iache igune, itazoea."

Mtahini alicheka mpaka mabega yakamtikisika. Furaha ilimpanda kichwani. Aliinama akawapungia samaki mkono, mtu mzima na ndevu zake! Kumbe kweli haba na haba hujaza kibaba. Mahubiri yake yote yalikuwa yamemwingia mama wa watu. Akaanza kuimba, Kimbunga akaitikia, wakafika gatini wote wawili sauti zimekauka.

Leseni aliisaini pale pale juu ya goti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Laiti wote wangeendesha kama wewe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo majani yangu yamepona."

Kimbunga alipiga kigelegele, akaibusu leseni, akaitia kifuani. Kisha akaenda nyuma ya boti kushusha nanga, asiione mahali pake. Palikuwa na kamba tu, imekaza, imezama majini.

Mtahini, bado anacheka, akaja kumsaidia kuivuta. Ilikuwa nzito ajabu. Walivuta, wakavuta, hadi nanga ikaibuka imevaa shamba zima la majani, na kila jani limejaa mayai.