Jogoo wa Shekue

Tangu Shekue aondoe mfumo wa Windows kwenye kompyuta yake ya chumbani na kuweka wa Linux, gemu lake halikuwa limefunguka hata mara moja. Kila akilibonyeza, kioo kilibaki cheusi; alihesabu mpaka mia, uvumilivu ukamwisha, akalizima. Na ndani ya gemu mlikuwa na kijiji alichokijenga kwa miaka minne.

Mfukoni alitembea na flashi yenye mfumo wa zamani.

"Leo likigoma, narudi nilikotoka," alimwambia mkewe, Mwanakheri.

"Kabla hujarudi, njoo unikunie nazi."

Akabonyeza, kioo kikawa cheusi, akaliacha hivyo hivyo bila kulizima, akaenda jikoni shingo upande. Alikuwa kwenye nazi ya pili, jogoo akawika chumbani. Nao hawafugi kuku.

Alikimbilia chumbani. Kwenye kioo, kijijini kwake kulikuwa kunapambazuka, kila paa mahali pake.

"Kumbe lilikuwa linajiandaa tu! Mimi ndiye niliyekuwa nalikatiza!"

"Na flashi je?" Mwanakheri aliuliza mlangoni. "Nina kaswida zangu za kutia."

Shekue alimpa bila kugeuka, flashi ikiwa imegandwa na chembe za nazi. Jogoo aliwika tena.