Mwenza Aitwaye Tingatinga

Mjomba aliposikia jina, alitua kikombe kwa kishindo, chai ikamwagika juu ya ramani ya nchi.

"Hebu rudia," alimwambia mpwa wake.

Mpwa huyo alikuwa wakili, na alikuwa akiwania urais. Aliyerudia ni dada yake, meneja wa kampeni, huku akiinua ramani isiendelee kulowa. Mgombea mwenza atakuwa Tingatinga.

Tingatinga alikuwa mbunge wa jimbo lao kwa vipindi vinne, na jina hilo alilipata kwa mama wa hawa wawili. Alipotaka kiwanja cha kujenga kituo cha mafuta, aliivunja kwa tingatinga shule ya chekechea ya mama huyo, watoto wakiwa bado wameshika kalamu za rangi. Mama alishinda barabarani akiokota viti vidogo vilivyovunjika. Hakuinuka tena moyoni, na kabla mwaka haujaisha wakamzika. Siku hiyo wanawe waliapa mbele ya Mjomba kwamba mtu yule atalipa.

Leo wanampa umakamu wa rais.

Mjomba alisema yote aliyokuwa nayo kifuani. Kuna daktari wa kina mama, mtu safi, anapendwa kila mkoa, anasubiri kupigiwa simu tu. Yeye amekosa nini? Akawaambia madaraka yamewalevya kabla hata hawajayaonja. Na sasa ameelewa kwa nini mgombea urais mzima alikuwa akishinda kwenye mitaa ya jimbo la Tingatinga, akishika mikono ya wauza mboga nyumba hadi nyumba. Kumbe alikuwa anaposa.

"Daktari ni mtu mzuri, Mjomba," alisema mpwa. "Lakini anayefaa ni Tingatinga."

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, Tingatinga alifika asubuhi na suti mpya, manukato yakimtangulia mlangoni. Bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti cha Mjomba.

"Mzee wangu, mbona umenuna hivyo? Siasa haina kinyongo," alisema. "Dada yako, Mungu amrehemu, angefurahi kutuona leo."

Mjomba alitoka nje, akaegemea gari. Dirishani alimsikia mpwa wake wa kike akizungumza kwa upole, kama anayembembeleza mtoto ale. Sheria hairuhusu mtu kugombea nafasi mbili, kwa hiyo mheshimiwa aondoe kwanza jina lake kwenye ubunge, watu wasije wakasema ana mguu mmoja ndani na mwingine nje. Tingatinga alicheka sana. Ubunge alishauchoka, alisema; jimboni hakuna hata mmoja aliyethubutu kurudisha fomu dhidi yake, yuko peke yake kama mnara wa simu. Chama chake kikitaka kununa, kinune.

Akasaini hapo hapo. Adhuhuri redio zote zilikuwa zikitangaza kwamba amejitoa rasmi, na chama chake kimemfukuza. Yeye alikuwa ameshatangulia makao makuu ya tume ya uchaguzi na ngoma zake, akamsubiri mgombea wake ngazini ili waingie wakiwa wameshikana mikono mbele ya kamera.

Mjomba ndiye aliyeendesha gari. Njiani akashindwa kujizuia.

"Mkienda kaburini kwa mama yenu, mtamwambia nini?"

Mpwa wake wa kike, aliyekaa nyuma, alimshika bega tu, akamwomba akaze mwendo kidogo, wasije wakakuta watu wamefunga.

Walipofika njia panda Mjomba aliwasha taa ya kushoto.

"Kulia, Mjomba," alisema mpwa.

"Makao makuu ya tume ni kushoto. Mwenza wako anakungoja kule na waandishi wote wa nchi hii."

"Mwache angoje." Mpwa alifunga kifungo cha koti. "Fomu yangu ni ya ubunge, na ofisi ya jimbo iko kulia."