Viatu Vizima

Hizza alivua viatu vyake vyeusi akampa Kibwana, fundi viatu wa pale sokoni.

"Mbona vizima?" Kibwana aliuliza akivigeuza.

"Nihifadhie mpaka magharibi, usinipe hata nikija kukulilia."

Shavu lake lilikuwa limeshatuna kwa miraa. Alijaribu kucheka, akashindwa.

"Stimu zikipanda, ndugu yangu, mwili si wangu tena. Najikuta vyumbani mwa wanawake nisiowajua hata majina, na nikitoka kwa mmoja nataka mwingine. Mke wangu, Mama Rehani, amerudi nyumbani juzi kutoka kwao. Amesema safari hii ndiyo ya mwisho."

"Si uache miraa?"

"Nimejaribu, nimeshindwa. Sasa naanza na viatu; peku nitaona aibu kwenda kwao."

Akaondoka peku, akipita pembeni kama mtu asiyetaka kuonekana.

Alasiri haijaisha, alirudi. Jasho lilimtiririka, macho yamemtoka.

"Lete viatu vyangu, Kibwana. Sasa hivi! Sitaki mchezo."

Kibwana hakubishana naye. Alivitoa chini ya meza akamwonyesha. Soli zote mbili alikuwa amezibandua.

Hizza alivitazama. Kisha akaketi kwenye kigoda cha wateja, nyayo zake vumbini.

"Kuzishona itachukua muda gani?"

"Unataka niharakishe?"

Hizza alitema majani kiganjani, akayatazama asijue pa kuyaweka.

"Shona polepole, fundi."

Kibwana akainama kuutafuta uzi, na uzi alikuwa nao mkononi.