Sema Ni Mimi

"Sema umebakwa," Barry alimwambia mkewe, mkate wa soseji umemjaa mdomoni.

Gemma alikuwa akisuuza chupa za mtoto. Hakugeuka.

"Serikali inatoa posho ya watoto wawili, basi," Barry akaendelea. "Wa tatu mtajijua wenyewe. Lakini mama akibakwa akapata mimba, huyo wa tatu analipiwa. Sasa hawa si wanataka kudanganywa?"

Kwa Barry, kila aliyekaa ofisini alikuwa mpumbavu, na kila mwanamke aliyeomba posho hiyo alikuwa mwongo. Ya nini wao peke yao wabaki wakweli, katika mji mzima wa Grimsby, huko Uingereza?

"Niseme nimebakwa na nani?" Gemma aliuliza.

"Sema ni mimi. Jina langu liko kwenye cheti cha kuzaliwa cha Tilly, huyu wetu wa tatu, na masikio yake ni haya haya yangu." Akacheka hadi chai ikamtoka puani. "Mume ambake mkewe! Wapi na wapi? Lakini wale wataamini. Hawaiti polisi, hawataki ushahidi. Wanataka tu yule muuguzi wa watoto anayepita majumbani athibitishe kwamba umemweleza, na mimi nisikae hapa."

"Akinitilia shaka?"

"Lia kidogo, bibie. Tangu harusi ya dada yangu mwaka jana, kazi yako si kulia tu? Safari hii angalau machozi yatalipa."

Gemma akapangusa mikono. "Basi uhame."

Alimfungia begi yeye mwenyewe: mashati, viatu vya kazi, mpaka koti la baridi.

"Koti la nini na joto hili? Naenda kwa mama wiki mbili tatu tu."

"Ionekane kweli."

Barry akampiga kikofi cha matakoni, akamsifu kwamba hatimaye ameanza kutumia akili. Gemma alikaza mwili mpaka mkono ule ulipoondoka.

Kwa mama yake Barry alijinyoosha kwenye kochi, akipikiwa na kufuliwa. Baani aliwasimulia wenzake jinsi "jamaa mmoja" alivyomfundisha mkewe kuitapeli serikali, wakacheka huku wakigonga meza. Yule muuguzi, alisema, ni mtu ambaye ukimwambia bahari inaungua atakimbia na ndoo.

Jumamosi mchana alirudi nyumbani na samaki na chipsi. Ufunguo ukakataa kuingia. Akajaribu tena, akaupiga mlango teke. Dirisha la juu likafunguka. Gemma alikuwa amembeba Tilly begani.

"Kitasa kina nini? Fungua, chakula kinapoa. Muuguzi alikuja?"

"Alikuja."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia."

"Akaamini?"

"Aliamini."

"Si nilikwambia!" Barry akapaza sauti, mafuta ya chipsi yakimdondokea kiatuni. "Kumbe na wewe unajua kudanganya!"

"Sikudanganya, Barry. Nilimweleza ilivyokuwa usiku ule wa harusi ya dada yako, yote. Halafu nikaenda kituo cha polisi, nikawaeleza na wao."